Mbolea ya Miti ya Matunda Inapotelea Wapi? Hesabu ya Virutubisho katika Mashamba ya Unguja na Pemba

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Uzito uliobaki ni kaboni, oksijeni na hidrojeni, vitu ambavyo mti huvipata bure kutoka hewani na majini. Mkulima wa michungwa wa Ndijani anayeununua mfuko huo, akaulipia gari hadi shambani na kuugawa chini ya miti yake, anataka kilo hizo 23 zipite mizizini, zipande majanini, na sehemu yake kubwa imrudie ikiwa machungwa. Mara nyingi hazimrudii. Sehemu hupaa ikiwa gesi kabla ya kuingia udongoni, sehemu huzama na maji ya masika mpaka chini ya mizizi, sehemu huliwa na magugu, na sehemu hujihifadhi ndani ya shina na mizizi kwa muda mrefu kabla ya kuonekana kwenye tunda.

Jambo ninalolishikilia katika makala haya ni kwamba, katika visiwa vyetu, faida kubwa zaidi haipatikani kwa kuongeza mifuko bali kwa kuziba njia ambazo virutubisho hupotelea. Na kwa kuwa njia hizo si zile zile katika udongo wa magharibi ya Unguja na katika ardhi ya mawe ya mashariki na kusini, ushauri mmoja kwa kisiwa kizima ni hasara kwa upande mmoja au mwingine. Mashamba yenyewe ni madogo, mengi yakiwa na asili ya ugawaji wa eka tatu tatu uliofuata Mapinduzi ya 1964, na mwenye eka tatu zenye minazi, michungwa, mifenesi na migomba iliyochanganyika hana nafasi ya kupoteza nusu ya mbolea aliyoinunua.

Vipimo vinne na kimoja cha kukitegemea

Ufanisi wa virutubisho hupimwa kwa njia kadhaa, na wataalamu wawili wanaweza kulitazama shamba moja wakatoa hukumu mbili zinazopingana, wote wakiwa sahihi. Njia ya kwanza ni kugawa kilo za matunda kwa kilo za kirutubisho kilichotiwa. Ni rahisi, lakini hupotosha, kwa sababu mkulima anayetia mbolea kidogo mno katika udongo mzuri huonekana hodari kuliko wote, ilhali anachokifanya ni kuila akiba ya udongo wake mwaka baada ya mwaka. Njia ya pili huuliza ni kilo ngapi za ziada zimepatikana kulinganisha na miti isiyotiwa kitu. Ya tatu hupima sehemu ya kirutubisho iliyoingia mtini kwa kweli. Ya nne ni mizania: kiasi kinachoondoka shambani ndani ya mavuno dhidi ya kiasi kinachoingia.

Kwa mahindi au mpunga, njia ya pili na ya tatu zinatosha, maana zao huanza na kumalizika ndani ya msimu mmoja. Kwa mti wa kudumu hazitoshi. Watafiti wa michungwa nchini Hispania walitumia naitrojeni iliyotiwa alama, yaani ile yenye uzito wa atomu wa 15, ili waweze kuifuata kutoka mfukoni hadi kwenye ua, na wakaona kwamba sehemu kubwa ya naitrojeni inayojenga machipukizi na maua mapya haitokani na mbolea ya msimu huo bali na akiba iliyokwisha kuwamo katika majani ya zamani, matawi na mizizi. Mchungwa, kwa hiyo, ni kama nyumba inayoendeshwa kwa chumo la mwaka jana: ukiupa leo, utaula mwakani, na ukiunyima leo, huenda usione upungufu wowote mpaka akiba iishe. Ndiyo sababu mkulima anayeacha kutia mbolea mwaka mmoja na kupata mavuno yale yale huamini kwamba mbolea haikuwa na kazi, na anayetia kwa wingi mwaka mmoja na kutoona tofauti huamini kwamba aliuziwa mbolea mbovu. Wote wawili wamepima kwa kipindi kifupi mno.

Kwa sababu hiyo naitegemea mizania, tena mizania ya miaka mitatu au zaidi. Inawezekana kuifanya kwa penseli.

Mti mmoja wa machungwa

Tani moja ya machungwa mabichi huondoka shambani na takriban kilo moja na nusu hadi mbili za naitrojeni, kiasi cha gramu 200 za fosforasi, na takriban kilo mbili za potasiamu. Mchungwa mmoja uliotoa kilo 100 za matunda, basi, umeondokewa na gramu 150 hadi 200 za naitrojeni, gramu 20 hivi za fosforasi na gramu 200 hivi za potasiamu. Naitrojeni hiyo yote inapatikana katika chini ya nusu kilo ya urea. Hata tukikubali kwamba nusu ya mbolea itapotea njiani, na tukaongeza kidogo kwa ajili ya matawi na majani mapya, bado hatufiki mbali zaidi ya kilo moja kwa mti mkubwa unaozaa vizuri. Mti unaozaa kilo 30 hauna sababu ya kupewa kiasi kile kile.

Hapa panahitaji uangalifu wa namna ya kuisoma mifuko. Tarakimu ya pili na ya tatu zilizoandikwa kwenye mfuko wa mbolea hazitaji fosforasi na potasiamu zenyewe, bali oksidi zake, kwa desturi ya zamani ya wanakemia. Fosforasi halisi ni asilimia 44 ya kiasi kilichoandikwa, na potasiamu halisi ni asilimia 83. Mkulima akitia kilo moja ya mbolea ya mchanganyiko ya 17-17-17 chini ya mchungwa wetu wa kilo 100, anaupa gramu 170 za naitrojeni, gramu 75 hivi za fosforasi na gramu 140 hivi za potasiamu. Naitrojeni inakaribia kutosha. Fosforasi ni karibu mara nne ya iliyoondoka. Potasiamu haifiki iliyoondoka. Akiendelea hivyo miaka kumi, udongo wake utakuwa umejaa fosforasi aliyoilipia bure na umepungukiwa na potasiamu ambayo matunda yanaihitaji kuliko kitu kingine. Mbolea yenye tarakimu tatu zinazolingana imependwa kwa sababu inaonekana kuwa na uadilifu, lakini hakuna mti wa matunda unaotoa mavuno yenye virutubisho kwa uwiano huo.

Hesabu kama hii hubadilika kwa kila zao. Mgomba huchukua potasiamu nyingi kuliko kirutubisho kingine chochote. Mnazi nao hutaka potasiamu pamoja na klorini, na ndiyo maana chumvi ya potasiamu ya kloridi, ambayo huyadhuru baadhi ya mazao, kwenye minazi huwa ni faida mara mbili. Mwembe hauhitaji naitrojeni nyingi; ukizidishiwa huota majani badala ya maua, na nyama ya embe hulainika karibu na kokwa kabla tunda halijaiva sawasawa, hasa pale ambapo kalsiamu ni chache.

Udongo wa aina mbili, maradhi ya aina mbili

Wakulima wa Unguja wamezigawa ardhi zao kwa majina kabla ya maabara yoyote kufika: kichanga, kinongo, kinamo, uwanda, maweni. Majina haya yanabeba habari za virutubisho kwa usahihi unaostahili kuheshimiwa, na ningependa mabwana na mabibi shamba wote waanze mazungumzo nayo kabla ya kutaja mfuko wowote.

Kichanga ni udongo wa mchanga ulio na kina, unaolimika kwa urahisi na unaopitisha maji haraka. Hauna uwezo mkubwa wa kuvishika virutubisho, kwa hiyo naitrojeni iliyokwisha kugeuka kuwa naitreti, pamoja na potasiamu, husombwa na maji kwenda chini. Unguja hupata kiasi cha milimita 1,600 za mvua kwa mwaka na Pemba hupata zaidi, na sehemu kubwa yake humwagika katika majuma machache ya masika kati ya Machi na Mei. Mvua nyingi za namna hiyo, juu ya vilima vya Pemba, huosha pia kalsiamu na magnesiamu, na udongo ukabaki na tindikali. Katika udongo wenye tindikali kali mizizi midogo hudumaa, na mbolea ikikuta mizizi iliyodumaa haina wa kuipokea. Kwa shamba la namna hiyo, hatua ya kwanza ya kuongeza ufanisi haimo katika mbolea bali katika chokaa, na chokaa tunayo chini ya miguu yetu: mawe ya matumbawe ya kale, yakisagwa vizuri, ni kalsiamu kabonati, na hufanya kazi polepole bila kuunguza mizizi kama inavyoweza kufanya chokaa iliyochomwa tanuuni.

Upande wa pili ni uwanda na maweni, ardhi ya mashariki na kusini ambako udongo ni mwembamba, umejishikiza katika mashimo na nyufa za mawe hayo hayo ya matumbawe. Huko kalsiamu imezidi. Atakayemwaga chokaa au majivu mengi huko ataongeza maradhi badala ya kutibu, kwa kuwa katika udongo wenye chokaa nyingi chuma, zinki na manganizi hufungika, na fosforasi hushikana na kalsiamu ikawa kitu kigumu kisichoyeyuka. Hata hivyo si kila mti unaichukia ardhi hiyo. Embe boribo ya Muyuni imejipatia jina lake katika kusini hiyo hiyo ya mawe, jambo linaloonyesha kwamba kuchagua mti unaokubaliana na ardhi ni njia ya ufanisi iliyo kubwa kuliko kuilazimisha ardhi ikubaliane na mti.

Kinongo na kinamo vimesimama katikati. Kinongo, udongo mwekundu wenye ufinyanzi kiasi, hushika virutubisho vizuri kuliko kichanga, ingawa wekundu wake ni dalili ya chuma kinachoweza kuishikilia fosforasi. Kinamo hutuama maji. Mti ambao mizizi yake imekosa hewa hauwezi kunyonya kitu hata ukizungukwa na virutubisho vya kila namna, na mfereji wa kutoa maji una thamani kuliko mfuko wa mbolea.

Naitrojeni: mahali na wakati

Katika virutubisho vyote, naitrojeni ndiyo yenye njia nyingi zaidi za kutoroka. Urea ikikaa juu ya udongo wenye unyevunyevu, vimeng'enya vilivyomo katika udongo na majani yaliyoanguka huigeuza kuwa amonia kwa muda wa siku chache, na amonia hiyo hupaa. Joto huongeza hasara hii, upepo huiongeza, na udongo wenye chokaa nyingi huiongeza zaidi kuliko vyote; katika hali mbaya theluthi moja au zaidi ya naitrojeni yote inaweza kwenda na hewa. Kuifukia kwa kina cha sentimita tano tu hupunguza hasara hiyo kwa kiasi kikubwa. Pale pasipofukika, kwa mfano katikati ya mawe, inafaa kuisubiri mvua ya kutosha kuizamisha, si manyunyu ya kuilowesha tu, kwa maana manyunyu ndiyo yanayoanzisha ule mgeuko bila kuipeleka mbolea chini. Katika maweni hata salfeti ya amonia hupoteza amonia inapokutana na chokaa, kwa hiyo nayo haifai kuachwa juu; katika kichanga chenye tindikali haina hatari hiyo, lakini ikitumiwa mfululizo huongeza tindikali, na chokaa huwa deni linalofuata.

Mahali pa kuitia ni jambo linalokosewa zaidi kuliko kiasi chake. Mbolea hurundikwa karibu na shina, ambako kuna mizizi minene ya kuushikilia mti na michache ya kunyonya. Mizizi midogo ya mchungwa iko zaidi katika sentimita 30 hadi 60 za juu, nayo imetawanyika chini ya matawi yote na kupita ukingo wake. Eneo la kutia mbolea ni lile linalofunikwa na kivuli cha mti saa sita mchana, kuanzia kiasi cha hatua moja kutoka shinani na kuvuka kidogo ukingo wa kivuli hicho.

Kuhusu wakati, desturi ya kutia mbolea yote mvua za masika zinapoanza ina mantiki yake, kwa kuwa udongo umelainika na mkulima yumo shambani. Lakini mvua ya Aprili juu ya kichanga ndiyo inayosafirisha naitreti kwenda chini kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuikamata. Ni bora kugawa: sehemu ndogo mvua zinapoanza, sehemu kubwa zaidi mwishoni mwa Mei au Juni mvua kubwa zinapopungua na udongo ungali na maji, na sehemu nyingine wakati wa vuli. Mwembe una kalenda yake. Unastahili naitrojeni mara baada ya mavuno, ili ujenge upya majani na akiba, na haustahili kupewa katika miezi ya kuelekea maua.

Jambo hili halimhusu mkulima peke yake. Maji tunayokunywa Unguja yanatoka ardhini, na chemchemi za Mtoni na Bububu zimeunywesha Mji kwa vizazi. Naitreti iliyoukosa mzizi haitoweki. Inashuka kwenye mawe yenye matundu na kuingia katika maji hayo, na mengine hutokea pwani. Kuziba tundu hili ni wajibu kwa jirani kama ilivyo faida kwa mwenye shamba.

Fosforasi na potasiamu

Fosforasi haina haraka. Inatembea milimita chache tu kutoka pale ilipowekwa, na kinachoipoteza si maji bali kufungika. Dawa yake ni kuitia kidogo, karibu na mizizi, tena ikiwa imechanganywa na samadi au mboji, kwa sababu asidi za vitu vinavyooza huchelewesha kufungika huko. Kuvu wanaoishi ndani ya mizizi ya michungwa na miti mingi ya matunda husambaza nyuzi zao mbali kuliko mizizi yenyewe na kuiletea fosforasi, na kuvu hao hupungua mkulima anapozidisha fosforasi ya mfukoni. Fosfeti ya mawe ya Minjingu, yaani mawe yenye fosforasi, inayochimbwa Tanzania Bara karibu na Ziwa Manyara, inaweza kuwafaa wakulima wa vilima vya Pemba wenye udongo wa tindikali, maana tindikali ndiyo inayoiyeyusha. Mkulima wa Muyuni au Makunduchi akiinunua atakuwa ameongeza jiwe juu ya mawe.

Potasiamu ndiyo inayonihuzunisha zaidi, kwa sababu tunayo na tunaiacha iondoke. Haijengi sehemu ya kudumu ya mmea. Imo katika utomvu wake na huyeyuka kwa maji tu. Katika nazi, sehemu kubwa ya potasiamu haimo katika nyama wala katika maji ya dafu, imo katika kumbi. Makumbi yakichomwa kama kuni jikoni, potasiamu hubaki katika majivu, na majivu yakitupwa uwani yamepotea shamba. Makumbi yanayofukiwa pwani kwa miezi ili yatoe usumba wa kamba huiachia bahari potasiamu yake yote. Sisemi kazi ya usumba iachwe, kwani ni riziki ya akina mama wengi. Nasema kwamba shamba linalotoa makumbi hayo lina deni la kulipwa. Yale yasiyotumika kwa usumba yakipangwa chini ya minazi, mgongo ukitazama juu, hurudisha potasiamu kwa mvua za kwanza na baadaye huhifadhi unyevu kwa miaka.

Hali ni ile ile kwa maganda ya machungwa yanayomenywa Darajani na Mwanakwerekwe, na kwa mikungu ya ndizi iliyobaki bila chane zake. Potasiamu iliyochotwa katika udongo wa Ndijani na Machui humalizikia katika jaa la Kibele. Mboji itokanayo na taka za masoko, zikitenganishwa na plastiki mapema, ingeweza kufuata barabara ile ile kurudi shambani katika magari yanayorudi matupu. Majivu pia ni mbolea ya potasiamu, lakini yanafaa kichanga chenye tindikali, si maweni.

Majani yanavyosema, na yanavyoweza kupotosha

Mti hutoa dalili za upungufu, na palipo dalili hizo hakuna haja ya kubahatisha. Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu huhamishwa na mti kutoka majani makongwe kwenda machanga, kwa hiyo upungufu wake huanza katika majani ya zamani: naitrojeni kwa jani zima kufifia, magnesiamu kwa unjano unaoacha umbo la kijani kama kichwa cha mshale karibu na kikonyo. Chuma na zinki hazihamishiki kirahisi, kwa hiyo ni majani machanga yanayougua: kwa chuma, jani hufifia na mishipa ikabaki kijani, kwa zinki, majani huwa madogo, membamba, yenye mabaka ya njano kati ya mishipa. Katika maweni hizi mbili za mwisho ndizo za kutarajiwa. Zinki ikimwagwa ardhini huko hufungika, hivyo hunyunyizwa majanini, kwa kiasi kidogo, machipukizi yanapokaribia kukomaa. Kunyunyizia majani hufaa kwa madini yanayohitajika kwa gramu. Hakuwezi kuulisha mti naitrojeni na potasiamu inayohitajika kwa mamia ya gramu, na matangazo ya mbolea za maji yanayoahidi hivyo yanafaa kupimwa kwa hesabu ile ya awali.

Yapo pia maradhi yanayojifananisha na upungufu. Ugonjwa wa michungwa uenezwao na wadudu wadogo wanaofyonza machipukizi, ule unaojulikana duniani kama huanglongbing na ambao umo Afrika Mashariki, huleta unjano unaofanana na wa zinki. Tofauti ni kwamba unjano wake haulingani kati ya nusu mbili za jani. Mti wenye ugonjwa huo ukipewa mbolea zaidi hautapona, nao ni chanzo cha kuambukiza miti mingine.

Jicho halioni upungufu uliojificha, ule unaopunguza mavuno bila kubadilisha rangi ya jani. Kwa huo kuna kipimo cha maabara. Huchukuliwa majani ya miezi minne hadi sita kutoka matawi yasiyo na matunda, kutoka miti kadhaa ya aina moja iliyo katika udongo mmoja. Kwa viwango vinavyotumiwa Florida, ambako michungwa mingi nayo imo katika mchanga, naitrojeni ya asilimia 2.5 hadi 2.7 ya uzito mkavu wa jani inatosha, fosforasi ya asilimia 0.12 hadi 0.16, na potasiamu ya asilimia 1.2 hadi 1.7. Mkulima mwenye eka tatu hawezi kulipia kipimo hicho peke yake kila mwaka, lakini wakulima kumi wa shehia moja wenye udongo wa namna moja wanaweza kushirikiana, na kituo cha utafiti cha Kizimbani kwa Unguja na cha Matangatuani kwa Pemba ni mahali panapostahili kuulizwa namna ya kukusanya majani hayo.

Moto na jembe

Jani la mchungwa au mwembe, kabla ya kuanguka lenyewe, hurudishia mti sehemu kubwa ya naitrojeni yake. Jani lililong'olewa likiwa bichi, kwa kupogolewa kupita kiasi, kwa wadudu au kwa kiangazi kikali, huanguka na akiba yote. Yale yaliyobaki katika jani lililoanguka hurejea polepole kupitia uozo, ila likichomwa. Moto hupeperusha karibu naitrojeni yote na salfa nyingi, na majivu yake hulala juu ya ardhi tupu yakisubiri mvua ya kwanza iyasombe. Shamba linalofagiliwa na kuchomwa ili lionekane safi hulazimika kununua dukani naitrojeni ile ile iliyopaa.

Jembe nalo, likipita kila msimu chini ya michungwa, hukata ile mizizi midogo ya juu ambayo ndiyo kinywa cha mti. Kufyeka magugu na kuyaacha yalale kama matandazo ni bora. Muhogo kati ya michungwa mikubwa huleta hasara mbili, kwa kuchukua potasiamu na kwa kuchimbuliwa; kunde, zinazojipatia naitrojeni kutoka hewani na kung'olewa bila kuchimba, ni mgeni mpole zaidi. Katika kichanga, vitu vinavyooza ndivyo vinavyoupa udongo uwezo wa kushika virutubisho, kwa hiyo matandazo si nyongeza ya mbolea pekee. Ndiyo yanayoamua kama mbolea itakaa.

Uamuzi wa siku ya kupanda

Maamuzi mengi ya ufanisi hufanywa kabla mti haujaota. Michungwa hubebeshwa juu ya mche wa aina nyingine, na mche huo wa chini ndio wenye mizizi. Mlimau mkali una mizizi inayosambaa sana, hunyonya kwa nguvu na kuzaa kwa wingi hata katika mchanga, ingawa maji ya matunda yake huwa mepesi. Mdanzi unastahimili udongo wenye chokaa na hutoa matunda matamu, lakini mchungwa uliobebeshwa juu yake huuawa na virusi vya tristeza, vinavyoenezwa na vidukari. Anayenunua miche na haulizi imebebeshwa juu ya nini ananunua mizizi asiyoijua, na mizizi hiyo atakaa nayo miaka thelathini.

Kwa shamba ambalo miti yake imekwisha kukua, linalobaki ni kujaribu. Huchaguliwa miti michache yenye ukubwa na udongo unaolingana. Nusu yake hupewa mbolea kwa mgao mpya, ikifukiwa na kupangwa chini ya kivuli cha saa sita, na nusu huendelea kwa desturi ya zamani. Machungwa huhesabiwa kwa mia kama yanavyouzwa, lakini mia kadhaa zipimwe pia kwa mizani, kwa kuwa mti wenye potasiamu ya kutosha unaweza kuonyesha tofauti katika uzito wa tunda kabla ya kuionyesha katika idadi. Matokeo ya msimu wa kwanza yaandikwe tu bila kuyatolea hukumu, kwa maana msimu huo mti bado unakula akiba iliyowekwa chini ya utaratibu wa zamani. Ule wa pili huanza kuonyesha mwelekeo, na wa tatu, ukijumlishwa na iliyotangulia ili mwaka wa mavuno makubwa na mwaka wa mapumziko vifidiane, ndio unaoweza kutumiwa kuamua mfuko ufuatao ununuliwe wa namna gani na ugawanywe vipi.